SOMO: Duka la vifaa vya ujenzi linavujia wapi? Jikague mwenyewe

Wakuu, kila wiki naulizwa lilelile: "Duka linauza ila hela siioni." Naandika mara moja tu, atakayeuliza tena namrudisha hapa.

1. Fuatilia mfuko mmoja wa saruji tangu unashushwa kwenye lori mpaka hela yake iingie benki. Kila unapopita mkononi mwa mtu, andika jina lake.

2. Jina likijirudia, hapo pana kihatarishi. Anayeagiza asipokee mzigo, anayeshika hela asiandike stoku.

3. Mzigo usitoke kwa kuonyeshwa meseji ya malipo. Angalia salio la lipa namba.

4. Mauzo yote yaende benki kesho yake. Matumizi yawe na fungu lake.

5. Kuhesabu stoku. Hapa niliumia. Mwaka mzima nilimpa mtunza stoo karatasi yenye idadi za kitabuni, akawa anaweka vema tu. Kila mwezi inalingana, na mimi nafurahi! Siku alipokwenda msibani nikaingia na kibarua kupanga saruji upya. Rundo lilikuwa tupu katikati, mifuko imejengwa pembeni kama kisima. Mifuko 64 haipo. Kwa hiyo karatasi ya kuhesabia ISIWE na idadi. Ahesabu asiyeshika funguo. Siku usiitangaze. Rundo libomolewe. Misumari ipimwe kwenye mizani, na nondo za milimita 10 zisihesabiwe pamoja na za 12. Stoku ikilingana miezi yote, hata mfuko mmoja uliochanika haupo, shtuka.

Mpambanaji: Mimi nina kamera nne, haya yote ya nini?

Mleta somo: Kamera yako inaona katikati ya rundo? Soma namba 5.

Mpambanaji: Sawa, ila stoku nihesabu vipi?

Mleta somo: Namba 5.

Mama Kokoto: Kaka, nina kijana mmoja tu dukani. Kazi nitazigawaje?

Mleta somo: Swali zuri, dada. Wa pili ni wewe. Kila jioni chukua ripoti ya Z (jumla ya mauzo ya siku) ya mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, ulinganishe na keshi, miamala ya simu na daftari la madeni. Halafu mpe likizo yake. Sheria ya ajira ya 2004 inampa siku 28. Akiwa nje uza mwenyewe. Wateja watakuambia bei wanazouziwaga.

Binti Hesabu: Chuoni tunasoma COSO, ule mwongozo wa udhibiti wa ndani. Ndiyo haya?

Mleta somo: Ndiyo. Namba 1 na kusaka jina linalojirudia ni tathmini ya vihatarishi; kugawa kazi, 3 na 4 ni shughuli za udhibiti; kuhesabu kwa kushtukiza ni ufuatiliaji. Wakubwa pia huanguka kwenye namba 2: benki ya Barings ilikufa 1995, mtu mmoja Singapore alikuwa anafanya biashara na huku anasimamia uandishi wa miamala yake.

Fundi Mstaafu: Nyongeza: saruji ikae juu ya chaga za mbao, mifuko kumi kwenda juu, safu mbilimbili zenye njia katikati. Kisima hakijengeki, na unyevu hauigandishi.

Mleta somo: Hii naihamishia dukani kesho, mzee.