Gari linachemsha milimani? Anza na kifuniko cha rejeta

Gari likichemsha, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kung'oa thamostati, kifaa kinachofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto. Usikubali haraka. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na sufuriani maji huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Ndani ya injini yanazuiwa yasichemke na presha inayoshikiliwa na kifuniko cha rejeta. Kikichoka, gari lililokuwa linatembea vizuri Dar es Salaam linaanza kutoa mvuke likipanda Kitonga.

Hatua ya 1. Zima injini, iache ipoe kabisa. Minya mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu au wa moto, usiguse kifuniko, maji yatakurukia usoni. Wala usimwagie injini ya moto maji baridi, hedi (kichwa cha injini) inaweza kupinda au kupasuka.

Hatua ya 2. Fungua kifuniko ukikague. Mpira wake usiwe na ufa wala mkunjo, springi iwe ngumu, na kivalvu kidogo cha katikati kivutike na kurudi. Ukikuta mpira wa rejeta umebonyea baada ya gari kupoa, kivalvu hicho kimeganda. Nunua kifuniko kipya chenye namba ileile ya presha, 0.9 au 1.1, iliyoandikwa juu yake.

Hatua ya 3. Angalia kiwango cha maji na alama za kuvuja kwenye maungio na chini ya pampu ya maji. Chomoa kijiti cha oili: oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Usiwashe tena, hiyo ni kazi ya gereji.

Hatua ya 4. Jiulize linachemsha wapi. Kwenye foleni ya Mwanjelwa tu? Shuku feni: washa AC, feni isipozunguka kagua fyuzi, rilei (swichi ya umeme) na plagi yake. Mlimani tu? Shuku rejeta iliyoziba au thamostati.

Hatua ya 5. Pima thamostati kwenye sufuria ya maji jikoni. Hapa wengi hutupa nzima. Iliyoandikwa 88 huanza kufunguka kwenye nyuzi 88, lakini kufunguka yote huhitaji nyuzi kumi na zaidi juu ya hapo, na maji ya Mbeya hayafiki huko. Ikifunguka kidogo tu, bado ni nzima. Isiposogea kabisa, badilisha. Usiendeshe bila thamostati, hasa Juni na Julai: injini haipati joto lake, inakula mafuta na kuchakaa.

Hatua ya 6. Jaza kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Acha kifuniko wazi, weka swichi ya hita ya gari upande wa joto, washa injini, ongeza taratibu hadi mapovu yaishe, kisha funga. Mapovu yasipoisha na yananuka moshi wa ekzosi, gasketi ya hedi imeungua. Mpelekee fundi na umweleze ulichokiona.