SOMO: Namna ya kutia matone ya presha ya macho bila kupoteza dawa

Wakuu salaam. Kila siku naulizwa dawa ya glakoma (ugonjwa wa presha ya macho) inatiwaje na mbona kichupa kinaisha kabla ya mwezi, nimejibu mpaka nimechoka, kwahiyo naliweka hapa lote, mtu akiuliza tena mwelekezeni huku. Nina glakoma macho yote mawili na naishi kwa matone. Siyo daktari, dozi yako ni ile uliyoandikiwa.

Kwanza jua unatia kwa ajili ya nini. Glakoma inaharibu neva inayopeleka taarifa toka jichoni kwenda kwenye ubongo na kilichoharibika hakirudi, dawa inashusha presha ya ndani ya jicho ili kilichobaki kibaki. Aina iliyo ya kawaida zaidi haiumi, inaanza kukata pembeni ndo maana mtu hashtuki. Usiache dawa eti kwa sababu huoni mabadiliko!

1. Nawa mikono. Kama unavaa lenzi za juu ya jicho (contact lens) zitoe, rudisha baada ya dakika 15.

2. Soma jina kwenye kichupa. Kama imeandikwa tikisa, tikisa.

3. Inua uso, vuta kope ya chini iache kamfuko, angalia juu.

4. Tone MOJA, ncha isiguse jicho wala kope. Tone moja peke yake linazidi nafasi iliyopo jichoni, la pili lote linaishia shavuni. Wanaolalamika dawa inaisha haraka wengi shida yao iko hapa.

5. Hapa someni taratibu maana wengi ndo wanapoharibu. Ukishatia, usipepese wala usikaze jicho. Lifunge kwa upole halafu kwa kidole bonyeza kona ya ndani, pale jicho linapokutana na pua, kaa hivyo dakika 2. Kona ile ina kitundu cha kupitisha machozi kwenda puani, ndo maana kuna dawa unatia jichoni unasikia uchungu kooni. Ikipita huko inaingia kwenye damu, jicho linapata kidogo na mwili unapata usichohitaji. Timolol kwa mfano, moja ya matone ya glakoma, inaweza kubana kifua cha mwenye pumu na kupunguza mapigo ya moyo. KAMA UNA PUMU AU SHIDA YA MOYO MWAMBIE DAKTARI KABLA HUJAANZA, hata asipouliza, na kubonyeza kona kusikufanye uone umeshakuwa salama.

6. Una dawa mbili? Subiri dakika 5 katikati, la sivyo ya pili inaisafisha ya kwanza. Ya mafuta inakuja mwisho.

7. Andika tarehe uliyofungua. Nyingi zinatupwa baada ya wiki 4 hata kama imebaki, soma karatasi yake.

MASWALI

Mdau A: Mkuu nitajie dawa kali nikanunue, macho yananisumbua.

Jibu: Hapana. Nenda ukapimwe.

Mdau B: Mi natia napepesa tu na sijawahi pata shida, hizo dakika 2 ni mbwembwe.

Jibu: Umejuaje hujapata shida? Mara ya mwisho kupimwa upana wa kuona ni lini? Hatua ya 5 nimeeleza sababu, rudi usome.

Mdau C: Samahani kaka, presha yangu 16 lakini daktari kasema ni glakoma. Inawezekana kweli?

Jibu: Swali zuri sana dada. Kawaida inahesabiwa kama 10 mpaka 21, ila kuna watu neva zao zinaharibika ndani ya hiyohiyo kawaida. Ndo maana wanaangalia neva yenyewe na upana wa kuona, siyo namba peke yake. Muulize anataka yako ishuke mpaka ngapi, kila mtu ana lengo lake. Na ndugu zako wa tumbo moja pamoja na watoto wakapimwe, ugonjwa huu unatembea kwenye familia.

Mdau D: Mama yangu mikono inatetemeka, matone yote yanaishia usoni.

Jibu: Pole kwa mama. Alale chali, afumbe jicho, tone liwekwe kona ya ndani kisha afumbue, linaingia lenyewe. Akitia mwenyewe aegemeze mkono kwenye paji la uso.

Mdau E: Nyongeza, kama dawa inaruhusiwa kukaa friji itoe ya baridi, utalisikia tone likigusa.

Jibu: Nashukuru, hiyo nzuri kwa asiyeona vizuri. Hata mpira wa kufungia hela uzungushe kwenye kichupa cha usiku, gizani unakijua kwa kushika.

Mdau F: Naumwa jicho ghafla, jekundu, taa naziona na duara za rangi na natapika. Niongeze tone?

Jibu: Acha simu nenda hospitali SASA HIVI, hiyo ni dharura, presha inaweza kuwa imepanda ghafla na kuona kunaweza kupotea kwa muda mfupi. Tafuta mtu akupeleke, usiendeshe mwenyewe.