Kabla hujaomba nafasi ya ubingwa bobezi wa macho ya watoto, angalia haya kwanza

Madaktari wenzangu wa macho, kila zikitangazwa nafasi za kwenda kusomea macho ya watoto naona watu wanajaza fomu usiku huohuo, sivi inatumwa, barua zinatumwa, halafu ndo mtu anaanza kuulizia mafunzo yenyewe yakoje. Naomba ugeuze. Kabla ya yote waandikie watu wa kule uwaulize, mikono yangu itafanya nini? Manake kuna nafasi za kutazama tu, unasimama nyuma ya bega la bosi miezi 3 unaangalia skrini, na kuna nafasi za kufanya upasuaji mwenyewe huku unasimamiwa, na zote utakuta zimeitwa feloshipu, yaani mafunzo ya ubingwa bobezi, na anayesoma anaitwa felo. Uliza felo aliyemaliza juzi aliondoka na kesi ngapi za mtoto wa jicho alizofanya yeye, ngapi za makengeza, na ukiweza mtafute huyo felo uongee naye, atakwambia ukweli ambao tangazo haliwezi kukwambia.

Nakazania mikono kwa sababu jicho la mtoto sio jicho la mtu mzima lililopunguzwa saizi. Wewe uliyezoea wazee, ukifungua kifuko cha lenzi, ule utando mwembamba unaoishika, unakata duara lako linakaa vizuri. Kwa mtoto wa miezi miwili kile kifuko kinavutika kama mpira, ukikosea kuvuta kidogo tu mpasuko unakimbilia pembeni. Na ukishatoa lenzi bado hujamaliza, kwa mtoto mdogo hivyo inabidi ufungue na ukuta wa nyuma wa kifuko na usafishe ute wa pale mbele kwa vitrekta, mashine ya kukata na kunyonya ute wa ndani ya jicho, la sivyo ukungu unarudi haraka na mama anakuletea mtoto yuleyule haoni tena. Hayo huwezi kuyajua kwa kutazama.

Habari ya leseni ndo inakula muda kuliko watu wanavyodhani. Marekani feloshipu ya macho ya watoto ni mwaka 1, nafasi nyingi zinapitia SF Match, mfumo wa kuwagawia waombaji nafasi, na kwa kawaida zinaanza Julai, na daktari aliyesoma nje akitaka kugusa wagonjwa kwa kawaida anadaiwa cheti cha ECFMG, taasisi inayothibitisha madaktari waliosoma nje, na humo kuna USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, kwa hiyo hesabu miaka sio miezi. Uingereza lazima usajiliwe na GMC, baraza lao la madaktari, na uonyeshe Kiingereza chako, ila kuna MTI, mpango wa mafunzo kwa madaktari wa nje, ambao unaweza kukaa hadi miezi 24 ukarudi kwenu. India wanasifika kwa wingi wa wagonjwa, hospitali za macho za Aravind kule Madurai na L V Prasad kule Hyderabad, na kwa anayetafuta kesi wingi huo ni mali. Halafu kuna feloshipu fupi za ICO, baraza la kimataifa la madaktari wa macho, za miezi 3 hivi, zinalenga vijana wa nchi zinazoendelea warudi na ujuzi nyumbani. Miezi 3 inatosha kama unakwenda na jambo moja, mfano makengeza tu. Ukitaka kurudi umeiva kila kitu haitoshi, usijidanganye.

Wakati unasubiri majibu usikae bure. Shika retinoskopu, kile kifaa cha kupimia namba ya miwani, kila siku, pima watoto wanaolia na wanaorusha mateke, maana kule hakuna atakayeanza kukufundisha hiyo. Zoea kuangalia retina ya kichanga, lile pazia la nyuma ya jicho, kwa lenzi ya daiopta 28. Shirika la macho la Orbis wana Cybersight, masomo ya mtandaoni ya bure, pitia ya watoto yote. Na andika kila kesi unayofanya, tarehe, umri, matokeo, hiyo orodha ndo itakusemea kwenye usaili kuliko barua ya sifa.

Sasa hili linalofuata ndo linaniuma. Mimi nilirudi na ujuzi wangu nikakaa miezi 7 sijafungua jicho la kichanga hata 1, kwa sababu hospitali niliyokuwa haikuwa na mtu wa kumpa mtoto mdogo vile nusu kaputi. Nilikuwa nimeandaa kila kitu isipokuwa huyo mtu. Nakumbuka mama mmoja kaja na binti wa wiki 5, mboni ya jicho moja nyeupe pee, na mtoto wa jicho wa upande mmoja unatakiwa umfikie kwenye wiki 6 hivi, wa pande zote mbili kwenye wiki 8, ukichelewa ubongo unaacha kulitegemea lile jicho na linabaki jicho vivu hata ukisafisha vipi. Tukamwandikia rufaa. Alipopata nafasi alikuwa na miezi 4.

Kwa hiyo kabla hujaondoka ongea na mtu wa usingizi, ikibidi aombewe mafunzo muda uleule na wewe. Tafuta nesi na mtu wa kupima miwani watakaokuwa wa watoto, maana mtoto aliyetolewa lenzi bila miwani au kontakti lenzi hujamsaidia, na atahitaji kubadilishiwa namba na kuzibwa lile jicho lililo salama kwa miaka. Nenda wodi ya watoto njiti ujue nani atakuita, maana retina ya njiti inaweza kuharibika, na ikishafikia hatua ya kutibiwa unapewa siku 2 au 3 tu. Pesa na familia kila mtu anajua hesabu zake, ila uliza mapema kama posho inatosha kodi ya nyumba, na soma mkataba wa mwajiri unakudai miaka mingapi ukirudi.

Na huyo mwajiri akikuandikia barua ya ruhusa, mwombe aandike humohumo kwamba ukirudi utakuta vitrekta, hadubini ya upasuaji na siku yako ya watoto tieta, yaani chumba cha upasuaji. Ikaandikwe na isainiwe kabla hujakata tiketi.