Pangaboi ikizunguka kivivu, usikimbilie kununua mpya
Jamani na hili joto la Dar, kama pangaboi lako linanguruma tu halizunguki, au umeweka namba 5 na bado linajivuta kama limelazimishwa, mara nyingi motor haijafa, ni kapasita (kidude kinachoisaidia motor kuanza kuzunguka) imechoka. Zima kwanza uzungushe panga kwa mkono, likiteleza laini beringi ziko sawa, likiwa gumu au linakwaruza hapo ni beringi, mpe fundi. Kama ni laini, washa ulisukume kidogo kwa fimbo ya fagio (sio mkono!), likishika kasi basi jua ni kapasita.

Zima meni swichi kabisa, sio ile ya ukutani tu, maana kuna nyumba mafundi waliunga swichi ikate nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laivu (waya unaoleta umeme) na waya unabaki na moto. Shusha kile kikombe cha juu ya mapanga, utaona kapasita yenyewe, kidude cheusi cha plastiki kimeandikwa 2.5µF au 3.15µF, mara nyingi kimevimba tumbo. Gusisha ncha za nyaya zake mbili kwa pamoja kwa bisibisi ya mpini wa plastiki itoe chaji iliyobaki, piga picha nyaya zilivyokaa, halafu nenda nacho dukani upewe namba ileile, usikubali "hii kubwa ndo inapiga sana", itakuunguzia koili ya motor.

Na kama linayumba, futa vumbi kwanza, halafu kaza skrubu za mapanga. Langu lilikuwa vumbi tu, upande mmoja limeganda kama keki.