Namna ya Kutazama Vichekesho vya Mapenzi vya Mwanzo wa Sinema ya Sauti

Usianze na filamu kongwe kuliko zote. Filamu nyingi za Hollywood za mwaka 1929 zinaonekana kukakamaa, kwa kuwa kamera za wakati huo zilikuwa na kelele zikafungiwa ndani ya vibanda vya kuzuia sauti, na mwigizaji alilazimika kukaa karibu na maikrofoni iliyofichwa. Anza na mwaka 1932, wakati waongozaji walipokuwa wamekwisha kukwepa kifungo hicho.

Love Me Tonight, iliyoongozwa na Rouben Mamoulian, isikilizwe kwa vipokea sauti vya masikioni. Jiji la Paris linaamka kwa mlio wa sururu, ufagio na nyundo za mafundi viatu, mpaka kelele zote zinakuwa mdundo mmoja. Baadaye wimbo unatoka katika duka la fundi cherehani, unapokewa na dereva wa teksi na askari, hadi unamfikia binti mfalme katika ngome yake, ingawa wawili hao hawajawahi kuonana.

Kisha tazama Trouble in Paradise ya Ernst Lubitsch, ambayo kwangu ndiyo bora kupita zote. Katika chakula cha jioni huko Venice, wezi wawili wanaojifanya watu wa ukoo bora wanaibiana na kurudishiana mali kwa adabu tupu, na kila wizi ni neno la mapenzi. Rudia sehemu hiyo, safari hii ukiangalia mikono badala ya nyuso. Mbele zaidi, kamera inakaa kwenye saa huku tukisikia sauti tu. Hapo jiulize ni nini umeachiwa ukisie mwenyewe.

Zingatia pia mwaka wa filamu. Kanuni za maadili za Hollywood zilikubaliwa mwaka 1930, lakini zilianza kusimamiwa kwa ukali Julai 1934, na Trouble in Paradise ilinyimwa ruhusa ya kuonyeshwa tena. It Happened One Night ya Frank Capra, iliyotoka miezi michache kabla ya ukali huo na kutwaa tuzo tano kuu za Oscar, inatenganisha vitanda viwili kwa blanketi lililoanikwa kambani, na blanketi hilo linachekesha kuliko busu lolote.

Baada ya hizo, rudi kwenye The Love Parade ya mwaka 1929, ya Lubitsch huyohuyo. Ukakamavu wake hautakuchosha tena.