Jinsi ya Kununua Mazao ya Tabora Yasiyotokana na Kazi ya Shuruti

Mfanyabiashara anayenunua mahindi au karanga Urambo, Kaliua au Sikonge hukagua unyevu, wadudu na uzito, lakini ni nadra kuuliza nani aliyelima na kama amelipwa. Swali hilo lina uzito Tabora, kwa sababu mashamba mengi yanayouza mahindi hulima tumbaku pia, zao linalodai mikono mingi tangu kitaluni hadi kwenye mabani ya kukaushia. Vibarua wengi hutoka Kasulu, Kibondo na hata Burundi, kama vile enzi za ukoloni manamba walivyochukuliwa Kigoma kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga.

Ibara ya 25 ya Katiba inakataza kazi ya shuruti, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaifanya kuwa kosa. Mnunuzi asitarajie kukuta mtu amefungwa kamba. Kinachomshikilia kibarua kwa kawaida ni deni: wakala amemlipia nauli, mwenye shamba amemkopesha unga na dawa, na hesabu yote imo katika daftari ambalo yeye hajawahi kulisoma.

Kwa hiyo zungumza na vibarua wenyewe, mwenye shamba asiwepo, na ikibidi uwe na msaidizi anayejua Kiha au Kirundi. Uliza alikopa nini kabla ya kuanza kazi, nani huandika deni, na kitambulisho chake kiko wapi. Kisha uliza swali lililo zito kuliko yote: akitaka kuondoka leo, atapewa nini? Kulipwa mwisho wa msimu ni desturi ya huku na peke yake si kazi ya shuruti, lakini ndiyo inayompa mwenye shamba nguvu ya kumwambia mtu aliyekwisha kulima miezi sita kwamba akiondoka sasa atapoteza kila kitu. Ukisikia jibu la namna hiyo, hapo pana shuruti hata kama kibarua alikuja kwa hiari yake.

Omba pia kuona maandishi ya ajira. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi na kuhakikisha ameelezwa kwa namna anayoielewa, na makato ya deni yanahitaji mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi. Ukikuta watoto walio chini ya miaka 14 wameajiriwa, usinunue.

Mnunuzi naye ana sehemu yake. Anayedai lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, badala ya gunia lisilozidi kilo 100, au anayechukua mzigo kwa ahadi na kulipa baada ya miezi miwili, anamnyang'anya mkulima fedha ambazo zingemlipa kibarua, kisha anashangaa kibarua hajalipwa. Lipa papo hapo, kwa uzito wa mizani.

Ukigundua kosa jingine, usikimbilie kuondoka na kununua mazao ya shamba la jirani, kwa sababu mauzo ndiyo chanzo cha malipo ya vibarua na ukiondoka kimya wao ndio watakaoumia kwanza. Pale ambapo kosa ni mshahara uliocheleweshwa, weka sharti kwamba walipwe kutokana na fedha zako siku ya kupima, mbele ya mashahidi, kila mmoja akiwa ameonyeshwa hesabu yake. Mwenye shamba akikataa, waelekeze vibarua kwa Afisa Kazi wa mkoa au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako madai ya mshahara hupelekwa ndani ya siku 60. Pale ambapo watu wamezuiwa kutoka, wanapigwa au wameletwa kwa udanganyifu, shauri hilo ni la polisi chini ya sheria ya 2008 inayozuia usafirishaji haramu wa binadamu. Kabla ya kutoa taarifa, kadiri hali inavyoruhusu, mshauri kibarua mwenyewe, hasa Mrundi asiye na kibali, ambaye anaweza kurudishwa kwao kabla hajapata hata shilingi moja ya msimu mzima.