Panga kurasa mezani kabla ya kumwita fundi wa tovuti

Una nyumba ya wageni Jambiani, Zanzibar? Kata vikaratasi, kila kimoja ukurasa mmoja: Mwanzo, Vyumba na Bei, Safari, Kufika Kwetu, Mawasiliano. Menyu ya juu isizidi vitu 6. Mwite jirani, muulize bei ya chumba cha watu wawili iko wapi; akigusa karatasi siyo, badilisha jina la ukurasa huo.

Wengi huharibu kwenye safari: msitu wa Jozani, mashamba ya viungo na pomboo wa Kizimkazi hurundikwa ukurasa mmoja. Zitenganishe, kila safari na ukurasa wake wenye anwani yake ya mtandaoni, maana mgeni hutafuta pomboo, jina lako halijui. Anwani hizo ziamue mapema. Ukizibadili baadaye bila kuzielekeza zile za zamani kwenye mpya, linki zote za zamani zinakufa.